Viatu vya Shemeji

2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote

Baridi kavu. Theluji haijaja.

Daftari hili lilikuwa la Burgl, mke wangu. Kila jioni aliandika hali ya hewa na jambo moja la siku hiyo. Ukurasa wake wa mwisho ni wa Januari iliyopita: "Theluji nzito. Vinzenz kamaliza maandazi yote." Vinzenz ni mimi. Kurasa tupu zimebaki nyingi, na kuzitupa ni uharibifu. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa mjinga, kwa hiyo naandika polepole, kwa penseli ya seremala. Atakayeucheka mwandiko wangu aje kwanza nimwoneshe mikono hii imefanya nini kingine. Mimi ni fundi wa viatu, na hakuna mguu katika bonde hili ambao siujui. Mtu akipita nje nasikia hatua zake, najua kiatu kinamuumiza wapi.

Leo kijiji kizima kilikuwa makaburini na mishumaa. Quirin hakuingia. Alisimama nje ya geti, kofia kichwani, akitazama mlima kama mtu anayesubiri basi. Burgl ni dada yake wa tumbo moja.

Hajanisalimu. Nami sijamsalimu.

9 Novemba

Mvua. Nimenoa visu.

16 Novemba

Mvua tena. Kwenye baa ya Afra leo walianza kuzungumzia mbio za wazee. Nikaiacha supu ipoe mbele yangu.

Naandika ili isije ikasemwa kwamba nilisahau. Mbio za wazee, za kushuka mlima kwa mbao za kutelezea thelujini, hufanyika kila mwaka siku ya Mtakatifu Sebastiani, 20 Januari. Januari iliyopita, siku hiyohiyo, tulimzika Burgl. Padri alisema tusogeze maziko, mimi nikasema Burgl hasogezwi kwa ajili ya vizee wanaoteleza kwenye theluji. Nilitegemea hakuna atakayekwenda kuteleza. Kweli, wengi walikuja makaburini. Quirin alipanda mlimani, akashindana na watatu wengine, akashinda. Kisha akaipiga kengele. Ilitufikia pale kaburini nikiwa na udongo mkononi. Aliipiga na kuipiga, mpaka padri akakatiza sala.

Kengele yenyewe ni ya baba yao Burgl na Quirin, kubwa kama ndoo, ile iliyokuwa ikivaliwa na ng'ombe kiongozi. Ndiyo zawadi ya mbio. Mshindi hukaa nayo mwaka mzima. Na mama yao alipofariki, baba yao aliwashusha ng'ombe kutoka malisho ya juu bila maua ya sherehe vichwani, kila kengele imeshindiliwa majani makavu isitoe sauti. Nyumba yenye msiba haipigi kengele. Quirin alikuwa kijana mkubwa tayari. Yeye ndiye aliyeshindilia, kwa mikono yake. Kwa hiyo asiniambie hakujua.

23 Novemba

Mawingu. Goti la kulia linauma, maana yake theluji iko njiani. Goti langu halijawahi kusema uongo, si kama radio.

5 Desemba

Vijana wamepita, kama kila mwaka, na vinyago vya mashetani na minyororo, wakipiga kelele hadi usiku. Hawakugonga kwangu. Wananiogopa, na wako sahihi.

8 Desemba

Theluji. Imefika magotini. Nilisema.

14 Desemba

Theluji na jua.

Jioni nilikwenda kwa Afra kula madonge ya mkate na supu. Afra amerithi baa ya mamake na ulimi wa mamake. Mimi nakaa kwenye meza ya wenyeji, upande wa jiko, mahali pangu tangu ujana. Quirin naye anakaa meza hiyohiyo, upande wa dirisha, na hakuna anayehama. Kuhama ni kushindwa.

Alipoingia leo alikuwa anachechemea. Masikio yangu yakasimama kama ya mbwa.

"Afra," Quirin akasema, "mwambie huyo mzee aache kuchezesha kiti, kinapiga kelele."

"Afra," nikasema, "mwambie anayelalamika kwamba kiti kinalia kwa sababu kimemwona."

"Mimi si posta," Afra akasema. "Kuleni."

"Afra, muulize huyo bata ni nani aliyemvalisha ndoo miguuni."

Watu wakacheka. Liborio wa posta, ambaye ndiye mpinzani wake kwenye mbio, alicheka mpaka akakohoa. Quirin akawa mwekundu. Basi habari ikatoka yote, si kwake bali kwa Liborio. Viatu vya Quirin vya zamani vya kutelezea vimepasuka ganda la nje la plastiki. Vile nilivyomtengenezea mimi, vilivyomshindia miaka na miaka. Amenunua vipya mjini. Dukani, alisema, vilikuwa laini, vilimbana kidogo tu mguu wa kulia. Sasa kila akishuka mlima mara mbili anavua akiwa analia machozi. Amejaribu soksi za sufu. Amejaribu soksi mbili. Amejaribu kutia ngozi ya kondoo.

"Peleka kwa Vinzenz," Liborio akasema. "Nani mwingine?"

Afra akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Bora nishuke peku," Quirin akasema.

Nikarudi nyumbani nikitembea kama kijana. Atakuja. Mguu hauna kiburi, kiburi kiko kichwani, na mguu ndio unaobeba kichwa.

Na akija nitamtengenezea. Hapa naandika jinsi, maana ni siri ya ufundi na Burgl peke yake angeielewa. Kumuumiza mtu kwa kiatu kinachobana ni kazi ya wajinga, maana atakivua. Mimi nitampa kiatu kitamu. Nitapunguza sponji ya kisigino, wembamba wa ganda la kitunguu tu, kila upande. Karakanani, penye joto, atasema ah, kama kandambili. Atamsifia kila mtu. Siku ya mbio, kwenye kona ya barafu chini ya msalaba wa mlimani, kisigino kitainuka ndani ya kiatu, mbao zitakwenda zinakotaka, na shemeji atakwenda kukumbatia misonobari mbele ya kijiji kizima. Kiatu kinachokubembeleza sebuleni hukusaliti mlimani.

18 Desemba

Jua. Hajaja.

22 Desemba

Theluji. Hajaja. Nimesafisha karakana hata hivyo. Si kwa ajili yake.

24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Soseji na kabichi, peke yangu. Nimewasha mshumaa dirishani kama alivyokuwa akiwasha Burgl.

29 Desemba

Baridi kali, mlango wa zizi umeganda.

Amekuja. Viatu shingoni, vimefungwa kamba, kama mtu anayekwenda kuuza kuku.

"Shemeji," akasema. Neno la kwanza tangu maziko.

"Nimefunga."

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi kwa sababu ya moshi."

Hakuondoka. Mimi pia sikumfukuza. Akakaa kwenye stuli, ile ya wateja, akaanza kuvua.

"Hizo ni soksi ngapi?"

"Mbili."

"Na hilo?"

"Ngozi ya kondoo."

"Umevaa zizi zima. Mguu wako unateleza ndani ya hizo takataka, unagonga ganda, unavimba, wewe unaongeza soksi nyingine. Soksi ni moja, nyembamba. Nimelisema hilo tangu kabla hujaota ndevu."

"Umelisema, umelisema. Tazama mguu."

Nikatoa kiatu cha ndani, kile laini cha sponji, nikamwambia aingize mguu mtupu kwenye ganda peke yake, asukume mbele mpaka vidole viguse. Nikapitisha vidole nyuma ya kisigino. Viwili, kwa kubanwa. Urefu uko sawa, hata mpumbavu hubahatisha. Ubaya ulikuwa pembeni.

Sasa kwa ufundi wangu, pale panapouma siulizi. Mtu hajui panapomuuma, anajua tu kwamba anaumia. Mimi napaka rangi ya mdomo kwenye mifupa inayochomoza, mtu anavaa, anavua, na rangi inabaki ndani ya ganda pale mfupa ulipogusa. Miaka yote nimetumia rangi ya Burgl. Alikuwa akinigombeza kila Jumapili anapoitafuta kwa ajili ya misa. Imebaki kipande kidogo kama ukucha.

Nikaichukua. Nikaushika mguu wake wa kulia.

Sitaandika mengi. Kidole cha pili ni kirefu kuliko kidole gumba na kimelalia upande. Kwa ndani, chini ya kifundo, kuna mfupa umetokeza kama nusu ya kokwa. Nilikuwa nimeusahau mguu wa Quirin, mwaka ni mrefu. Lakini mguu kama ule, wa Burgl, nimeushika kila jioni ya majira ya baridi maisha yangu yote ya ndoa, nikiupasha moto kwenye mapaja yangu.

Nikapaka.

"Hiyo ni rangi ya Burgl," Quirin akasema.

"Ni rangi ya kazi."

Akatazama ukuta. Nami nikatazama ganda. Alama nyekundu ilikuwa pale nilipojua itakuwa.

"Acha viatu," nikamwambia. "Ukae nyumbani, usinisumbue."

Alipotoka nilinawa mikono mara mbili.

2 Januari

Theluji nyepesi.

Nimetoa sponji ya kisigino, nimeiweka mezani, nimeshika kisu. Nimekaa nayo asubuhi nzima.

Asije mtu akasema nilimhurumia. Nilifikiri, jambo ambalo watu wengi hapa hawalifanyi. Akianguka, atasema ni viatu. Kengele itakwenda kwa Liborio, Liborio ataipiga kama mtoto, na mambo yataishia hapo. Nitakuwa nimemwangusha mzee kwenye misonobari. Hata ng'ombe anaweza.

Lakini akishinda? Kuna sheria. Mshindi hupiga kengele mara ya kwanza, kisha humwita aliyemtengenezea viatu na kumkabidhi kengele apige mara ya pili, mbele ya wote, kila mtu amesimama. Nimesimamishwa hivyo mara nyingi kwa ajili ya Quirin. Mwaka jana aliipiga peke yake, kwa sababu fundi wake alikuwa kaburini kwa dada yake.

Akishinda, lazima aniite. Lazima anipe ile kengele mkononi.

Nimeweka kisu chini. Kisasi changu kinahitaji kisigino kilichokaa sawasawa.

3 Januari

Jua, baridi.

Nimefanya kazi bora kuliko zote tangu nizaliwe, na naandika mimi ambaye sijawahi kufanya kazi mbaya. Nilipasha ganda kwa hewa ya moto polepole, bila kuliunguza, likalegea kama ganda la jibini. Ndani, penye alama nyekundu, nikaweka kifundo cha kusukumia, cha mti wa cheri, nikakaza kwa jiriwa. Kifundo hicho nilikichonga zamani kwa ajili ya mfupa wa Burgl. Sikuhitaji kukigusa hata kwa tupa, kilikaa palepale. Nikasukuma kupita alama kidogo, maana plastiki hurudi nyuma ikipoa, ina kiburi kama watu wa huku. Kisha nikashindilia theluji juu yake ikiwa bado imebanwa, nikaiacha hadi jioni.

Kisigino nimekiongezea sponji, sikupunguza. Soli ya ndani nimeichonga upya chini ya tao la wayo.

Ni kazi nzuri kiasi kwamba nimekasirika.

6 Januari, Wafalme Watatu

Theluji. Quirin amekuja kujaribu. Soksi moja, nyembamba.

"Vidole vinagusa mbele," akasema.

"Simama, usikae kama mwanamke anayekamua ng'ombe. Funga bizimu za juu kwanza. Sasa piga magoti mbele."

Akapiga magoti mbele, ugoko ukabana kwenye ulimi wa kiatu.

"Vimerudi nyuma."

"Basi."

"Kisigino hakitoki."

"Hakitatoka hata ukining'inizwa kwa mbao zako."

Akazunguka karakana, tap, tap, akapiga magoti tena na tena kama mtu mwenye dhambi nyingi. Akasimama karibu na jiko. Halafu akasema, "Hapaumi tena. Pale kwenye mfupa."

"Najua."

"Baba alikuwa nao mfupa huu. Na..."

"Nina kazi nyingine," nikasema, ingawa sikuwa nayo.

12 Januari

Upepo wa moto wa kusini. Theluji inadondoka kutoka paani vipande vipande, barabara ni tope. Kichwa kinaniuma, mbwa wa jirani analia. Wanasema mbio zinaweza kufutwa.

13 Januari

Upepo.

14 Januari

Upepo. Nimemwomba Mtakatifu Sebastiani alete baridi. Yeye aliyechomwa mishale anaelewa mtu anapokuwa na jambo lake.

15 Januari

Usiku imeganda. Mlima unang'aa kama sahani.

Afra aliniletea supu nyumbani, nikajua ana neno. Akakaa bila kukaribishwa.

"Kijiji kizima kinasema umemtengenezea Quirin viatu."

"Kijiji kina macho."

"Umevifanya nini?"

"Vizuri."

"Vinzenz. Nakujua."

"Nenda ukauulize mguu wake."

Halafu akasema, "Wewe siku ile ulikuwa makaburini, hukuona. Mimi nilikuwa jikoni napika chakula cha msiba. Quirin hakuipiga kengele kama mtu aliyeshinda. Aliipiga mpaka mkono ukachubuka, damu ikachirizika kwenye mshipi wa kengele. Ilibidi mume wangu na Liborio wamnyang'anye. Hakuna aliyekula naye. Alikwenda kulala kwenye majani huko zizini."

Nikamwambia supu yake imezidi chumvi.

"Haina chumvi hata kidogo," akasema, akachukua bakuli, akaondoka. Alisahau kijiko.

Kama ni kweli, ni kweli. Mtu mwenye uchungu ana geti la makaburi. Liko wazi. Linafunguka kwa kusukuma.

19 Januari

Baridi, nyota. Nimepanda darini kwenye majani makavu. Nimejaza mfuko wa koti.

20 Januari, Mtakatifu Sebastiani

Asubuhi na mapema nilikwenda kwa Burgl. Nikamwambia ninachokwenda kufanya. Hakusema kitu, lakini hata zamani alikuwa hasemi kitu, alikuwa ananitazama tu mpaka nibadilishe mawazo. Leo hakuweza kunitazama. Nikashuka.

Barafu tupu mlimani. Nilisimama chini ya msalaba, kwenye ile kona, pale nilipopanga aanguke. Liborio alipita kwanza, mbao zikakwaruza barafu, akaichukua kona kwa upana sana, lakini akabaki wima. Wengine wawili walianguka kwa heshima. Kisha Quirin. Nilimsikia kabla sijamwona. Hakukuwa na mkwaruzo, palikuwa na sauti kama ya kisu kikali kwenye ngozi. Aliingia kwenye kona ameinama, ugoko mbele, kisigino kimekaa, na zile mbao zikamtii kama mbwa wa mchungaji. Mzee yule. Mtu wa pembeni yangu akasema, "Ona huyo." Nikasema, "Ona hivyo viatu."

Akashinda. Liborio mwenyewe alikwenda kumvulia kofia.

Kwa Afra watu walijaa mpaka ngazini. Kengele ilining'inizwa kwenye boriti. Quirin alikuwa bado amevaa viatu, bizimu zimefunguliwa, mashavu mekundu. Wakamsukuma mbele. Akashika mshipi, na nikaona hakutaka kupiga. Akapiga mara moja, kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Halafu akageuka.

"Mkono uliotengeneza viatu," akasema. "Shemeji Vinzenz."

Wote wakasimama. Viti vikakwaruza. Nikatoka upande wa jiko, nikapita katikati yao. Akaishusha kengele, akaniwekea mikononi. Ni nzito kuliko ninavyokumbuka.

Nikaigeuza mdomo juu, nikaikalisha mezani. Nikatoa majani mfukoni. Nikashindilia, kwanza kuuzunguka ulimi wa chuma, kisha juu yake, kwa dole gumba, taratibu, kama ninavyoshindilia sponji. Ilipojaa nikaiinua kwa mshipi, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, mara moja, mbele ya uso wake.

Haikutoa sauti.

"Hiyo ni ya mwaka jana," nikamwambia.

Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kuuona uso wake. Nilifikiri atanipiga, nami nilikuwa tayari, goti au bila goti. Nilifikiri atatoka nje, wote wamwone akitoka. Quirin hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama sakafu. Kuna majani mawili matatu yalikuwa yamenidondoka. Akapiga magoti mbele, kwenye vile viatu nilivyomtengenezea, akaokota jani moja, akasimama, akalishindilia ndani ya kengele kwa kidole chake. Kisha la pili. Akahakikisha ulimi hautikisiki. Alishindilia vizuri kuliko mimi.

Akaichukua kengele, akaikumbatia kifuani, akapita katikati ya watu, akatoka nayo. Tulimsikia akishuka ngazi kwa viatu vile, tap, tap, wala haikulia.

Afra aliniletea supu. Nikaila yote.

21 Januari

Jua. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Lakini nimefurahi.

17 Februari

Theluji nzito. Kuna nyayo za viatu vya mlimani kutoka geti la makaburi hadi kwa Burgl, na za kurudi. Kisigino kimeingia sawasawa kwenye theluji, hakikuyumba. Sihitaji kuuliza ni za nani.

3 Machi

Mvua na theluji vimechanganyika. Rangi ya mdomo imekwisha. Nimekiweka kikasha chake kwenye rafu.

9 Aprili

Jua kali. Mto unanguruma, majani mabichi yametoka upande wa kusini. Lifti ya mlimani imefungwa, hakuna anayeteleza mpaka Desemba.

Nilikuwa nakula mchana. Quirin akasimama mlangoni, viatu shingoni.

"Kushoto kinabana," akasema.

Kushoto hakibani. Kushoto hakijawahi kubana, mfupa uko kulia. Nami nilivitengeneza mimi, si mtu mwingine.

Nilimwacha asimame kwenye tope mpaka nimalize supu. Kisha nikamwambia aingie, avue soksi.